Dakika Arobaini

Msitu wa Kielder ulipandwa kwa rula:
misprusi safu kwa safu, kama mistari ya daftari
ambalo mwalimu amekataa kulisahihisha.
Usiku wa tatu nililala humo,
gunia la plastiki juu, matope chini,
na katikati mimi na harufu yangu.

Kwetu tunasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Nilidhani nimepata msitu usio na ukingo.
Nikitembea saa nzima nafika nilipoanza,
nakuta kopo langu la maharage likinisubiri,
mdomo wazi.

Kisha tochi.
Haikuhangaika huku na huku.
Ilikuja moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu
anayekwenda kumwamsha mgonjwa ameze dawa.

"Mwinyikombo," sauti ya mwanamke iliita,
silabi zote nne,
na hapo ndipo magoti yaliponiishia.
Miaka sita nikiendesha lori la magogo
waliniita Mini, waliniita Kombi.
Huyu alikuwa amefanya mazoezi ndani ya gari.

Inspekta Thirlwell. Mfupi, buti za mpira,
kofia ya sufu iliyofumwa vibaya na mtu anayempenda.
"Mbwa wako wapi?" nikauliza.
"Wamelala. Nimekuja na chai."
Akakaa juu ya gogo, akazima tochi.

Giza la Northumberland lina maji ndani yake,
linakaa begani kama koti la marehemu.
Bundi alilia mara moja, akanyamaza
kama aliyekosea mlango.
Nilisikia kizibo cha thamosi kikizungushwa.

Nikaanza kusema kabla hajauliza.
Nilisema mvua. Nilisema kona ya Falstone.
Nilisema baiskeli haikuwa na taa,
nikalirudia hilo la taa, nikalirudia tena,
hadi nikajisikia mchuuzi
anayemwapia samaki aliyeoza.

"Taa ilikuwepo," alisema. "Tumeiokota mtaroni.
Ilikuwa bado inawaka."

Basi alikufa papo hapo, nikasema. Hakuumia.
Siku tatu hilo ndilo lililokuwa blanketi langu.

Hakujibu upesi. Nilimsikia akipuliza chai.
"Edwin Charlton. Tarishi mstaafu.
Alikuwa na mayai sita kwenye kikapu,
manne hayakuvunjika.
Daktari anasema aliishi dakika arobaini."

Sikuelewa.
Hapana, nilielewa.
Dakika arobaini ni chungu cha wali kimeiva.
Ni kipindi kimoja cha hesabu, kengele hadi kengele.
Ni njia ya kutoka pale hadi nyumba ya kwanza yenye simu,
na kurudi, hata kwa mtu anayechechemea.
Dakika arobaini mimi nilikuwa kituo cha mafuta,
nimeshaosha bampa,
nimenunua chokoleti, nimepewa chenji,
nimesema asante, usiku mwema.

"Alisema kitu?"
"Hakukuwa na mtu wa kumsikia."

Nikatapika maharage kwenye shina la mti wao ulionyooka.
Hakunishika bega. Hakunitukana pia.
Aliningoja nimalize,
kisha akanimiminia kilichobaki, vuguvugu, bila sukari,
kwenye kifuniko kilekile alichonywea yeye.

Nikamnyoshea mikono apate pingu zake.
"Barabarani," alisema. "Huku utaihitaji. Kuna mizizi."

Akasimama, akapangusa suruali,
akanipa tochi, halafu akanipa mgongo
na kutangulia.
Niliimulika chini, mbele ya buti zake,
mkono ukitetemeka hata njia nzima ikatetemeka:
sindano za miti, jani la kangaga, konokono,
kila kimoja kikijitokeza kwa zamu
na kunitazama.

"Ni mbali?" niliuliza.
"Wewe ndiye uliyekuja kwa miguu."

Sikutazama saa.